Makato ya mshahara hayajuani

Mi kazi yangu ni kutengeneza mishahara kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Madereva, wapishi wa kambini, watu wa ofisini, vijana wa kuosha magari, slipu zao zote zinapitia kwangu, na kila mwisho wa mwezi hela ikishaingia tu meseji zinaanza, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, dada mbona imeingia hii? Na sio kwamba hawajui wanakatwa. Wanajua kabisa, huyu ana Bodi ya Mikopo kwa mkopo wake wa chuo, huyu ana benki, huyu ana saccos, chama cha kuweka na kukopa. Kinachowachanganya ni kwamba ukichukua kila kato peke yake unaona la kawaida tu, linabebeka, alafu yakikutana kwenye slipu moja mtu anabaki na hela ya kumfikisha tarehe 10.

Jambo ambalo nataka watu walielewe ni hili: makato hayajuani. Ukiacha kodi, kila moja linapiga hesabu kuanzia juu, kwenye mshahara mzima, kana kwamba hakuna lingine. NSSF, mfuko wa pensheni, haijui kama una Bodi, Bodi haijui kama una benki, na benki ilikuuliza siku ile unakopa ila baada ya hapo haikuulizi tena.

Tuchukue mtu wa ofisini, kamaliza chuo kwa mkopo, basic yake, yani mshahara wenyewe bila posho, ni 900,000, posho hana. NSSF inachukua asilimia 10, hiyo ni 90,000. Kodi inakuja baada ya NSSF kutoka, kwaiyo inahesabiwa kwenye 810,000, na kwa viwango vya TRA, mamlaka ya mapato, kuanzia 760,000 mpaka milioni moja ni 68,000 kujumlisha asilimia 25 ya kinachozidi, so hapo PAYE, yani kodi ya mshahara, ni 80,500. Sasa anakuja Bodi ya Mikopo, asilimia 15. Watu wengi wanadhani ni 15 ya kilichobaki. Hapana, ni 15 ya ile 900,000 yenyewe, yani 135,000, wakati hela ambayo huyu mtu angeishika mkononi kabla ya Bodi ilikuwa 729,500. Baada ya hapo anabaki na 594,500, na hatujagusa kitu chochote alichokopa mwenyewe.

Ongeza benki 220,000. Ongeza saccos, hisa na rejesho, 110,000. Imebaki 264,500. Mwezi huo alichukua advansi ya laki moja kwa ajili ya ada, ikakatwa, imebaki 164,500. Mtu anapanga Sakina, anapanda daladala mara mbili kwa siku, ana mtoto shule. Nimetengeneza slipu za namna hii nyingi sana na kila nikiifunga najisikia vibaya, maana hesabu iko sawa, hakuna aliyeiba, ila ukimwangalia binadamu anayeenda kuishi na hiyo hela unaona kuna kitu hakijakaa sawa.

Hiyo 15 ya Bodi zamani ilikuwa 8. Sheria ilibadilishwa 2016 na waajiri wakaanza kukata 15 mwaka uliofuata, na kuna watu walikuwa tayari wana mikopo ya benki iliyopigiwa hesabu kwa ile 8, kwaiyo mwezi mmoja tu kato likakaribia kuwa mara mbili na rejesho la benki liko palepale. Mwaka 2021 angalau iliondolewa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa inafanya deni linaongezeka wakati mtu analipa, na mi nilishukuru sana maana kuna watu walikuwa wanaenda kuomba taarifa ya deni wanarudi wamekata tamaa. Ila 15 ya basic imebaki.

Nina mtoto wa shangazi yangu yuko Marekani, yeye naye ni mambo hayo hayo ya mishahara, tukiongea kwa simu tunalinganisha. Kule mkopo wa chuo wa serikali ukishindwa kulipa mpaka ukaingia kwenye orodha ya walioshindwa, serikali inaweza kumwambia mwajiri akukate, na kiwango chake ni mpaka asilimia 15. Namba ile ile! Tofauti ni 15 ya nini. Kule ni 15 ya kilichobaki baada ya kodi na makato mengine ya lazima kisheria. Nikarudi kwenye ule mfano wangu wa 900,000, nikatoa NSSF na kodi kwanza, nikapiga 15 ya 729,500, inakuja 109,425. Yani elfu 25 na ushee inabaki nyumbani kila mwezi kwa kubadilisha tu mstari wa kuanzia. Elfu 25 ni gesi ya mwezi, mtungi mdogo.

Na sio hiyo tu. Wana sheria ya tangu 1968 inayosema ukidaiwa deni la kawaida, la kadi au la hospitali, na mdai akashinda mahakamani, mwajiri hawezi kukata zaidi ya robo ya kile kilichobaki baada ya kodi, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, wanachukua kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwaiyo mtu wa kipato cha chini sana hakatwi kabisa kwa deni la namna hiyo. Na kilichonifurahisha zaidi, wakija wadai watatu hiyo robo haizidishwi mara tatu, ni robo moja kwa wote, wa pili anasubiri wa kwanza amalize. Pia bosi haruhusiwi kukufukuza eti kwa sababu umeletewa amri ya kukatwa kwa deni moja. Sisemi kwao ni peponi, kwenye matunzo ya watoto wanakata mpaka nusu na hata zaidi, na hapo mi nawaunga mkono. Ila kwenye hilo makato yao yanajuana, kuna mtu alikaa akafikiria kwamba mwisho wa yote huyu mfanyakazi lazima ale.

Huku kwetu je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, naomba kila mfanyakazi akijue hata kama hasomi kingine. Kinasema mwajiri haruhusiwi kugusa mshahara wako isipokuwa sheria inasema akate au inamruhusu, au kuna mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au amri ya kima cha mshahara, au amri ya mahakama, au tuzo ya mwamuzi, au wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Basi. Hakuna kifungu cha "bosi kasema". Hakuna "ndo utaratibu wetu hapa". Mtu wa kukopesha hawezi kupiga simu ofisini akasema huyu namdai sijui ananiibia, mkateni mnipe hela yangu, na akipiga kwangu huwa namjibu kwa heshima kwamba aende mahakamani, ashinde kesi, aombe kukazia hukumu, mahakama ikileta amri nitaitekeleza siku hiyo hiyo.

Kwenye hasara ndo kuna mambo mengi na ndo wafanyakazi wa huku kwetu wanaonewa sana, kwenye mahoteli glasi zimevunjika, kaunta kuna shoti, yani hela imepungua, kwenye magari ndo usiseme. Sheria inataka hivi: hasara iwe imetokea kazini na iwe ni kwa kosa lako, mwajiri akuandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, asikate zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Vyote hivyo kwa pamoja, sio kimoja kimoja anachagua. Na hata vikitimia vyote bado lazima uwe umekubali kwa maandishi.

Kuna kampuni nilikuwepo kabla ya hii, siitaji. Dereva mmoja mtu mzima sana, sote tulikuwa tunamwita Mzee, alikuwa anatoka Naabi kuelekea Seronera, kule Serengeti, na anayeijua ile barabara anajua, kokoto na makorongo ya mawimbi mwanzo mwisho, gari likipishana na wewe kwa spidi unaomba Mungu. Jiwe likaruka kutoka kwenye tairi la gari lililokuwa linakuja, kioo cha mbele kikapasuka kutoka kona mpaka kona. Karudi salama na wageni wake, karipoti. Mwisho wa mwezi nikaletewa karatasi, imeandikwa kwa kalamu, jina lake, "kioo 640,000, miezi 4". Basic yake ilikuwa 480,000. Yani 160,000 kila mwezi, theluthi nzima, wakati robo ni 120,000, na hapo hata hatujauliza kosa lake ni lipi, alitakiwa alikwepe jiwe vipi?

Nilikata mwezi wa kwanza kwa sababu meneja aliagiza, Mzee akaja na slipu imekunjwa mara nne mfukoni, nikamwamkia, shikamoo Mzee, akaitikia marahaba mama, akanyoosha kidole kwenye ule mstari. Hakugomba. Akaniuliza tu, mama, hii imeandikwa "mengineyo", mengineyo ndio nini? Na kweli, kwenye slipu kato la hasara lilikuwa limeandikwa mengineyo, hakuna barua, hakuna maelezo, hakuna sahihi yake popote. Nilichapisha kifungu cha 28 nikakipeleka kwa meneja na nikamwambia kampuni ina bima kubwa ya gari, waulize kama kioo kimo. Makato yalisimama mwezi wa pili. Ile 160,000 ya kwanza haikurudi, na Mzee akasema tuachane nayo maana hai sizoni, msimu wa wageni wengi, ilikuwa inaanza na asingetaka kubaki bila safari. Hilo linanikera mpaka leo kwa sababu mtu anaacha haki yake sio kwamba haijui, anaiacha kwa hofu ya kunyimwa wageni.

Kwaiyo mstari ulioandikwa mengineyo kwenye slipu yako uulizie, tena siku hiyo hiyo. Sheria inasema malipo ya mshahara yaambatane na maelezo ya maandishi, kwaiyo kama kwako hela inaingia tu kwenye simu au benki bila karatasi wala pdf, omba. Ukiomba kwa adabu, bosi naomba slipu zangu za miezi mitatu benki wamezitaka, ni ngumu kukataliwa.

Haya, sasa mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara. Kifungu cha 28 kinaweka kikomo cha robo kwenye hasara. Kwenye deni ulilosaini mwenyewe hakiweki. Hapo ulinzi wako ni masharti ya benki na akili yako ya siku unasaini, na siku unasaini huwa hela inaonekana nyingi. Kwa watu wa utalii kuna hatari nyingine ambayo afisa mkopo hatakwambia. Kato linapigiwa hesabu kwenye mshahara wa mwezi wa nane wakati magari yote yako porini, alafu mvua za masika zinakuja, Aprili na Mei kambi zinafungwa, watu wanapewa likizo isiyo na malipo au nusu mshahara. Mkopo hauna likizo. Rejesho ni lile lile na mshahara ni nusu, na kwa dereva zile dola za tipu ambazo ndo zilikuwa zinafanya maisha yaende hazipo. Mi huwa nawashauri vijana wetu, chalii wangu kopa kwa kuangalia mshahara wako wa Aprili, ukiona Aprili unaweza kulipa basi kopa.

Mama mdogo wangu ni mwalimu Moshi, shule ya serikali, na kwao kuna kitu kizuri ambacho sisi wa binafsi hatuna kwa namna hiyo, kile cha mtumishi kubaki na theluthi moja ya mshahara. Akienda kukopa, mfumo ukiona makato yote kwa ujumla yatamwacha chini ya theluthi, mkopo haupiti. PSSSF yake, pensheni ya watumishi wa umma, asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, kodi, benki, vyote vinahesabiwa pamoja. Hapo angalau makato yanajuana.

Shida ni kwamba theluthi inalindwa kwenye mfumo, hailindwi kwenye ATM. Watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani, wamelijua hilo siku nyingi. Benki imekukatalia? Wao wanakupa leo leo, na dhamana yao ni kadi yako ya ATM na namba ya siri. Mshahara ukitoka unawaona pale mjini Moshi, kijana amesimama kwenye foleni ya mashine na kibunda cha kadi zimefungwa kwa raba bendi na kidaftari kidogo, anaingiza moja, anatoa hela, anatia tiki, anaingiza nyingine, na watu nyuma yake wanasubiri hawasemi kitu maana pengine kadi zao ziko kwenye kibunda kile kile. Mwalimu anakuja kupewa kilichobaki kama mtoto anayepewa hela ya andazi. Hilo sio kato la kisheria kwa jina lolote lile. Mwajiri hahusiki, mahakama haihusiki, halionekani kwenye slipu, na ndo kato kubwa kuliko yote. Aisee ukiwa na kadi yako kule, nenda tawi la benki yako, sema kadi haipo mikononi mwako, ifungwe utengenezewe nyingine. Deni utalilipa, deni ni deni, ila ulilipe wewe mwenyewe kwa mkono wako baada ya kununua unga.

Matunzo ya watoto nayagusia kidogo maana baadhi ya kaka zangu wananikasirikia. Amri ya mahakama ikija inasema baba huyu akatwe kiasi fulani kila mwezi kiende kwa mama wa mtoto, mi nakata, na siwezi kupunguza hata shilingi kwa maneno ya kwenye korido. Kama hali yako imebadilika, umepunguziwa mshahara, umeugua, njia ni kurudi mahakama iliyotoa amri na slipu zako uombe iangaliwe upya. Ukija kwangu kulia mi sina mamlaka hayo. Na nasema wazi, kati ya makato yote ninayoyaingiza hili ndo naliingiza kwa moyo mweupe.

Kingine ambacho watu hawakiangalii kabisa ni kama hela iliyokatwa imefika. Kukatwa na kufika ni vitu viwili. Slipu inaonyesha NSSF 90,000 miezi yote, siku unaenda kudai unaambiwa kuna miezi haina mchango. Sheria ile ile ya ajira inamtaka mwajiri aliyekata hela kwa ajili ya mtu mwingine aipeleke kwa wakati, na kwa Bodi ni ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, akichelewa faini ni yake yeye mwajiri. Benki ndo mbaya zaidi, mwajiri akikukata alafu akazungushia hela kwenye mafuta ya magari, benki inakuhesabu wewe umechelewa, riba inakimbia kwako na jina linalochafuka ni lako. Nimeona watu wana slipu safi kabisa na barua ya deni mkononi. Cheki michango yako NSSF kwa simu au nenda ofisini kwao, omba taarifa ya mkopo benki, omba taarifa ya deni la Bodi, alafu kaa chini na slipu zako ulinganishe mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo piga picha kila kitu kabla hujaenda kuuliza.

Ukiuliza ofisini ukazungushwa, kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ipo Arusha na ipo Moshi, na kwenda pale huhitaji kuwa na wakili. Fomu inaitwa CMA F1, unaijaza, nakala unampa mwajiri kwanza anasaini kuipokea, alafu unaipeleka. Kwa mambo ya makato una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, zile 30 ambazo watu wanazisikia ni za kuachishwa kazi. Siku 60 zinaisha haraka sana kwa sababu mwezi wa kwanza mtu anasema nitavumilia, wa pili anaambiwa tunalifanyia kazi, akija kushtuka zimepita na inabidi aanze kuomba kwanza aruhusiwe kuchelewa. Kwaiyo wakati unaendelea kuongea nao vizuri ofisini hesabu siku zako pembeni, na yale maongezi yafanye kwa imeili au meseji, sio kwa mdomo. Beba mkataba, slipu, taarifa ya benki na kama kuna karatasi yoyote uliyowahi kusaini ya kukubali kukatwa ibebe pia hata kama unadhani itakuumiza, maana kitu cha kwanza utakachoulizwa pale ni je, ulisaini?